Barabara Inayopita Ukumbini

Nyumba ile ina vyumba zaidi ya arobaini, minara miwili, baraza inayoizunguka pande tatu, na jiko ambalo mtu angeweza kugeuzia gari la farasi ndani. Wenyewe wanaiita Kibanda. Wameiita hivyo tangu babu yao alipoijenga, na hawacheki wanapolitamka. "Tunakwenda Kibandani wiki ijayo." "Mama amesahau kofia yake Kibandani." Mimi nilizaliwa katika nyumba ya vyumba vitatu upande wa bandarini, choo kikiwa nje, na mpaka leo sijui nipaite nini pale nilipozaliwa, maana jina walishalichukua.

Hollis, mume wangu, alikufa mwezi wa Februari juu ya paa la baraza ya nyumba hiyo, akiondoa theluji kwa beleshi ili paa la watu wengine lisianguke. Wenye paa walikuwa Philadelphia, mwendo wa siku nzima na zaidi kwa gari. Aliitunza nyumba ile tangu kabla hatujaoana. Naandika haya kwa sababu wao wameanza kuandika yao, na yao yatachongwa kwenye shaba.

Ellicott wa kwanza, Cyrus, alitajirika kwa dawa ya tumbo. Ilikuwa chupa ya kahawia yenye picha ya malaika, na ndani yake pombe na sukari iliyoungua. Wanawake wacha Mungu ambao hawangegusa kilevi hata kwa ncha ya kidole walikunywa vijiko viwili kila jioni na kulala kama watoto. Siku hizi vitukuu vyake husema mzee alikuwa "katika tiba". Mavi ya kale hayanuki.

Alikuja huku kwetu pwani ya Maine kwa meli ya moshi, kwa sababu kiangazi cha mjini kwao kilikuwa kinanuka. Akaiona Rasi ya Thurlow. Wakati huo palikuwa na kondoo, mawe, na njia moja iliyotoka kijijini ikanyooka katikati ya rasi hadi nchani, ambako watu wa ukoo wa mume wangu, akina Thurlow, wamezikwa tangu walipofika. Mwenye rasi alikuwa Mehitable Thurlow, mjane. Bahari ilikuwa imemmeza wanawe wawili, na kondoo waliobaki walikuwa na upele. Akakubali kuuza, kwa sharti moja, likaandikwa kwenye hati na kila Ellicott analijua: maiti wa Thurlow watapita njia yao moja kwa moja, bila kuzunguka na bila kuomba.

Cyrus alitia sahihi akitabasamu, kama mtu anayemkubalia bibi kizee kwamba mvua itanyesha. Kisha akaja mchora ramani ya nyumba yake, kijana mwenye glavu, akatembea huku na huku, akachomeka fimbo yake katikati ya njia. "Hapa," akasema, "ndipo bahari inapoonekana vizuri." Bila shaka ilionekana vizuri. Waliopitisha njia pale walikuwa na macho pia.

Mehitable aliwatazama kutoka mlangoni kwake kiangazi kizima na cha pili. Kuta ziliposimama na paa likaezekwa, alivaa kofia yake ya kanisani akaenda kugonga, na hakugonga mlango wa jikoni.

"Bwana Ellicott," akasema, "umejenga juu ya barabara yangu."

"Mama, ile ilikuwa njia ya kondoo."

"Kondoo hawabebi majeneza."

"Basi tutawatengenezea njia nyingine. Nzuri zaidi. Ya kokoto."

"Ya kokoto utapita wewe. Sisi tunayo yetu, na wewe umeiwekea mapazia."

Mawakili walikuja, wakasoma, wakanywa chai, wakaondoka. Nyumba haikuweza kusogezwa. Ikabidi katikati yake uachwe ukumbi mmoja mpana, wenye mlango mkubwa mbele na mwingine mkubwa nyuma, inayotazamana, ili jeneza na wachukuzi sita wapite bila kukata kona. Bibi Ellicott alilia, kwa kuwa pale ndipo alipotaka ngazi yake ya kushukia na gauni refu. Ngazi ikasukumwa pembeni, ikapanda imejikunja kama mkia wa nguruwe. Leo watu husafiri kuja kuitazama, na vitabu vinasema ni ubunifu.

Aliyepita wa kwanza alikuwa Mehitable mwenyewe. Alikufa Agosti, sijui kama kwa bahati au kwa makusudi. Wanaume wa kijiji walimleta saa ya chakula cha mchana, buti zao zina majani ya bahari, wakaingia mlango wa mbele bila kugonga. Wageni walikuwa mezani palepale ukumbini, maana kulikuwa na upepo mzuri, kila mmoja ameshika kambakoche wake. Meza ikabidi iburutwe. Cyrus alisimama, kitambaa kikining'inia shingoni, akauliza, "Nani amewapa ruhusa?"

"Barabara haiombwi," akajibu mchukuzi wa mbele, na hakupunguza mwendo.

Tangu hapo Thurlow wote wamepita. Mmoja alipita wakati wa dansi. Bendi ikanyamaza, na msichana aliyevaa manyoya kichwani akauliza sherehe ile ni ya nani. Mwingine alipita mwaka ambao Ellicott walikuwa wamefilisika nusu na wanauza vijiko vya fedha, na ukumbini hakukuwa na mtu ila mbwa. Watu wa kiangazi wana ukumbi wa dansi. Sisi tuna barabara. Ni mahali pamoja.

Hollis aliipenda ile nyumba. Sitasema uongo. Aliipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe mgonjwa ambaye si wake. Wakati wa vuli alimwaga maji ya mabomba yasije yakaganda, na theluji ilipoyeyuka aliyafungulia tena akizungumza na nyumba: "Taratibu, bibi wee, usinitapikie." Nilikuwa naona wivu. Jumamosi nilipika maharage yetu ya kuoka, na yeye alikuja yamekwisha poa, ananuka nta na lami ya madirisha, akayamwagia siki na kuyala hivyohivyo. Nikimuuliza alikuwa wapi, husema, "Kwa mke mkubwa."

Kwetu anayekufa wakati wa baridi husubiri. Ardhi huganda ikawa chuma, haichimbiki. Hollis aliwekwa katika chumba cha mawe nyuma ya kanisa, kama wengine wote, mpaka udongo ukubali. Alikuwa huko bado, mwezi wa Aprili, Bwana Lathrop Ellicott aliponipigia simu. Huyu, mumewe Sibyl, ni kitukuu cha mwenye dawa. Ana umri wa mwanangu, kama ningejaliwa mwana, na huniita Verna. Mimi humwita Bwana Ellicott.

"Verna," akasema, "tumevunjika moyo kabisa. Hollis wetu!"

Nilivuta kiti, nikakaa.

"Alikuwa sehemu ya nyumba, Verna. Kama ile ngazi."

"Asante," nikasema, maana mtu husema hivyo.

"Sasa sikiliza. Julai tunaweka kibao cha shaba. Kibanda kinaingizwa kwenye orodha ya majumba ya kihistoria. Watakuja watu wa makumbusho, na gazeti. Tukafikiri, Hollis angoje mpaka siku hiyo. Apite ukumbini, wageni wote wamesimama. Sibyl amempata mtu wa kupiga zumari. Itapendeza mno."

"Itampendeza nani?"

"Kila mtu! Hata yeye."

"Yeye yuko kwenye chumba cha mawe tangu Februari."

"Najua, najua. Na Julai si mbali." Nikasikia karatasi. "Nikusomee kibao? Sibyl ndiye ameandika. 'Kwa ukarimu wa familia ya Ellicott, watumishi waaminifu wa nyumba hii waliruhusiwa kupitishwa ukumbini katika safari yao ya mwisho.' Unaonaje?"

"Mehitable Thurlow hakuwa mtumishi wa mtu."

"Bila shaka, bila shaka. Ni namna tu ya kusema. Basi niambie, ungependa saa ngapi? Wewe niombe saa tu, mengine niachie mimi."

Nilimwambia maharage yangu yanaungua, nikaweka simu chini. Hayakuwa yanaungua. Sijui kama mtu yule alikuwa mjanja au mjinga. Kwa watu wa Kibanda mambo hayo mawili hulala chumba kimoja, na huenda ndiyo maana wanahitaji vyumba vingi.

Elwood, mdogo wake Hollis, alikuja usiku uleule kabla hajavua koti lake la baharini, pamoja na mkewe Ardelle na sufuria ya mchuzi wa kome. Nikawaeleza. Elwood akaacha kula.

"Umemwomba?"

"Sijaomba."

"Sema kweli, shemeji. Hukusema 'tafadhali'? Kwa mawakili wao hata 'tafadhali' inatosha."

"Nimesema asante kidogo. Halafu nikamwambia maharage yanaungua."

Ardelle akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Hilo ndilo lichongwe kwenye shaba! 'Hapa ndipo Verna Thurlow alipounguza maharage.'"

"Wewe cheka," akasema Elwood. "Mimi naona tumweke kwenye mashua yangu, tuizunguke rasi, tumzike upande wa pili, tuachane na Kibanda chao na zumari lao."

"Ukimzungusha, njia imekufa," nikamwambia. "Wewe na wanao mtazungushwa daima."

"Nizungushwe tu. Nitakuwa nimekufa, nitapata kichefuchefu cha nini?"

"Acha mzaha, baba watoto," Ardelle akasema. Kisha akanigeukia, na sauti yake ikawa laini. "Lakini Verna, mpenzi, fikiri. Watu wote wale wamesimama kwa ajili ya Hollis. Aliwafanyia kazi maisha yake yote wasimwone. Siku moja wamsimamie, ni dhambi?"

Nilifikiri. Ningependa kusema sikufikiri. Nilimwona Hollis akipita katikati ya makoti mazuri, na zumari likilia, na kifua changu kikataka. Halafu nikaona kwamba ni kilemba cha ukoka, kitanyauka kabla hatujafika kaburini, na chini yake litabaki lile neno, "waliruhusiwa". Tukipita kwa ruhusa yao, barabara imegeuka zawadi, na mwenye zawadi ndiye huamua lini imekwisha. Tukizunguka, tumeiua wenyewe. Njia yote ya Thurlow ilikuwa imekaa juu ya mume wangu mmoja, na hakuwa na uwezo wa kuiamulia.

"Udongo ukilainika, tunakwenda," nikasema. "Hatumwambii mtu na hatumfichi mtu."

"Na wakiwa wapo?" akauliza Elwood.

"Barabarani hukutana na watu wengi."

Udongo ulikubali katikati ya Mei, wakati wa visubi, wale wadudu wadogo wanaouma, ambao ni wakati mtu mwenye akili hatoki nje na ndiyo maana watu wa kiangazi hawaji. Elwood alichimba na wanawe. Siku ya pili, asubuhi yenye ukungu mwepesi, tukamtoa Hollis kwenye chumba cha mawe, tukaifuata njia. Wanaume sita walimbeba. Mimi nilikuwa nyuma yao, kwa kuwa mjane hupita na maiti wake. Wengine huzunguka kwa ufukweni na kungoja upande wa pili.

Wao walikuwepo. Palikuwa na gari la mafundi uani, na milango yote miwili ya ukumbi iko wazi kabisa, hata ukiwa nje mbele unaiona bahari nyuma. Bwana Lathrop alitoka akifukuza visubi kwa gazeti. Alikuwa amevaa sweta la wavuvi, jipya, ambalo mvuvi yeyote angeogopa kulichafua. Mkewe Sibyl alikuwa nyuma yake, kitambaa kichwani, kama mtu aliyekuja kufanya kazi.

"Verna! Leo? Si tulikubaliana Julai?"

"Hatukukubaliana, Bwana Ellicott."

"Lakini sakafu!" Akanyoosha mkono. "Wamemaliza vanishi sasa hivi. Mbichi kabisa! Nipeni mpaka kesho kutwa. Au piteni hapa barazani, jamani, hatua chache tu, mnaibukia palepale."

"Shemeji," Elwood akasema bila kugeuka, "kaka yangu hajapungua uzito."

"Mtaharibu kila kitu!" Sibyl akasema. Sauti yake ilitetemeka kweli. "Hollis mwenyewe asingetaka! Verna, unajua alivyoipenda sakafu hii!"

Hapo niliwasimamisha wachukuzi kwa mkono. Kwa maana ilikuwa kweli. Katika maneno yote niliyowahi kusikia mlangoni pale, hilo lilikuwa la kweli. Kila mwaka alipiga magoti juu ya mbao zile na kitambaa cha nta, kutoka mlango huu hadi ule, na hakukanyaga humo na viatu hata mara moja. Sasa zilikuwa zinang'aa kama maji yaliyotulia, na mwanga wa bahari umelala juu yake wote. Nilisimama, visubi wakinila shingo. Wachukuzi walikuwa wanapumua kwa nguvu. Mmoja wa wana wa Elwood akabadilisha bega.

Bwana Lathrop aliona nimesita. Akanisogelea, akanishika kiwiko kwa upole. Alikuwa ameguswa, nadhani aliguswa zaidi na wema wake mwenyewe.

"Verna," akasema polepole, "niombe tu. Sema neno moja, na nitawaruhusu sasa hivi, na sakafu na iende zake. Kwa ajili ya Hollis. Niombe tu."

Nilikitoa kiwiko changu mkononi mwake. Nikainama, nikavua viatu vyangu, nikavishika.

"Twendeni," nikawaambia wanaume.

Wakaingia. Buti zilinata na kubanduka, zikinata na kubanduka, sauti kama ya plasta inayong'olewa kwenye kidonda, na harufu ya vanishi ikatupanda mpaka machozi yakatoka, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua yapi yalikuwa ya nini. Fundi mmoja aliyekuwa anasafisha brashi karibu na ile ngazi ya mkia wa nguruwe alivua kofia. Elwood, mbele, alinyoosha macho kwenye mlango wa pili kama anavyofanya akiingiza mashua bandarini. Mimi nilipita na soksi zangu katikati ya nyayo zao. Sikuwavulia Ellicott viatu. Nilimvulia mwenye sakafu, naye alikuwa mbele yangu. Nyuma Sibyl alikuwa anasema, "Lathrop, fanya kitu, Lathrop," na Lathrop hakufanya kitu, kazi ambayo ukoo wake umeijua vizuri siku zote.

Tukatoka upande wa pili. Majani yalikuwa baridi chini ya soksi zangu zilizogandamana. Ardelle na wengine walikuwa wamekwisha fika kwa njia ya ufukweni, wamefunika nyuso zao visubi wasiwaume. Mchungaji alisoma kwa haraka kwa sababu hiyohiyo. Tukamshusha. Nilitupa udongo wangu, na ulikuwa laini.

Tuliporudi tulizunguka kwa ufukweni, kama walio hai wanavyotakiwa. Elwood alikaa juu ya jiwe, akaanza kukwangua nyayo za buti zake kwa kisu.

"Angetuua," akasema. "Angechukua lile beleshi akatuua sote."

"Angeanza na wewe," nikamwambia. "Umeburuta mguu wa kushoto sakafu nzima."

"Nilikuwa nimembeba yeye!"

Nikacheka, na kicheko hakikuwa kimekwisha kilipogeuka kilio, na Ardelle akanikalisha juu ya mawe akanishikilia mpaka maji yakaanza kupanda.

Juni Bwana Lathrop alipiga tena simu. Nilidhani atanishtaki mahakamani. Lakini sauti yake ilikuwa changamfu kama ya mtu aliyepata mwaliko.

"Verna, tumeamua hatutapaka upya! Tunaziacha nyayo. Watu wa makumbusho wamezipenda kupita kiasi. Tutazizungushia kamba ya mahameli nyekundu, kutoka mlango hadi mlango, mtu asikanyage. Sibyl anaandika kibao upya. Ila hizi ndogo za katikati, za soksi. Tukuite nani? 'Mjane wa mtumishi mwaminifu'?"

"Andika, 'Hii ni barabara.'"

"Samahani?"

"'Hii ni barabara.' Basi. Usiongeze."

"Lakini wageni watachanganyikiwa, Verna. Wataona ni ukumbi."

"Ndiyo maana unawaandikia."

Akacheka kwa adabu. Kisha nikamsikia akimwambia mkewe, ameziba simu kwa mkono lakini hakuiziba vizuri, "Maskini. Bado ana huzuni."

Huzuni ninayo, lakini dakika ile sikuwa naifikiria. Nilikuwa najiuliza kama kamba yao ya mahameli itakuwa na kulabu ya kuifungulia, au Elwood, siku atakaponibeba, itambidi aje na kisu.